Zamu ya Maji ya Dada Ghaniya

Dada yangu Ghaniya alifariki mwezi wa Shaabani mwaka 2008, kijijini Hail Rumman, milimani juu ya Izki, na amezikwa huko huko. Watoto wa siku hizi katika ukoo wetu wanaijua Hail Rumman kwa ajili ya baridi yake tu. Hupanda na gari siku ya mapumziko, huchoma nyama, hupiga picha, hushuka. Naandika haya ili wajue kwamba pale mlimani palikuwa na mtu wao na palikuwa na maji yao, na wajue vipi maji yale yalivyotutoka.

Kijiji chenyewe ni kidogo. Nyumba za mawe zimebanana juu ya jabali ili udongo mzuri ubaki kwa kilimo, na chini yake vishamba vinashuka kama ngazi, kila kimoja kimeshikwa na ukuta wake wa mawe. Mitende haipandi hadi kule kwa sababu ya baridi. Watu hulima vitunguu saumu, majani ya mbuzi, mawaridi ya kukamulia marashi, na zaidi ya yote makomamanga. Maji hutoka kwenye chemchemi, hupita katika mfereji wa mawe unaoitwa falaji, hukusanyika kwenye birika kubwa nyuma ya msikiti, na kutoka hapo hugaiwa kwa zamu. Kila nyumba ina zamu yake, nayo hurithiwa. Zamani mtu akitajwa Hail Rumman, swali la kwanza lilikuwa zamu yake inakuja baada ya nani. Sisi tulikuwa baada ya nyumba ya Tuwaini.

Sharti la zamu ni kusimamiwa. Wakati ukifika, awepo mtu wa nyumba ile pale mfereji unapogawanyika. Ataondoa jiwe na tambara lililoziba upande wake, atayangoja maji yafike shambani, na muda ukimalizika ataziba tena. Asipokuwepo mtu wa kuisimamia, maji hayakai kumngoja. Huelekezwa shamba la msikiti, ambalo matunda yake ni ya futari ya Ramadhani na ya wasafiri.

Babu yetu Khattab aliondoka Hail Rumman akiwa kijana, mwaka ambao mvua ilikataa na watu walikuwa wakila majani ya mbuzi. Kabla ya kuondoka alimchukua jirani yake, baba yake Tuwaini, wakaenda hadi kwenye mfereji, akamwambia: nisimamie maji yangu, matunda kula wewe, miti usiiache ife. Hawakuandikiana kitu. Babu akafika Tabora, akafungua duka, akaoa, akafa huko. Baba akazaliwa Tabora, na sisi tukazaliwa Tabora. Mimi nilimaliza sekondari kule. Hail Rumman kwetu ilikuwa ni jina tu ambalo Baba alilitaja akiwa na homa.

Tulipokuja Oman, miaka ya mwanzo ya sabini, tulipanda mlimani kwa punda. Baba alikuwa na Kiarabu cha kusalia na cha kusalimia, basi. Tuwaini wakati ule alikuwa bado kijana, lakini tayari ndiye aliyekuwa mgawaji wa maji wa kijiji. Hakungoja hata kahawa iishe. Alimshika Baba mkono, akampeleka kwenye mgawanyiko wa mfereji, akamwambia, "Haya ndiyo maji yenu. Baba yangu aliyasimamia mpaka kufa kwake, na mimi nimeyasimamia baada yake. Ipokee amana yako."

Baba alikaa chini palepale, akatia mikono yake ndani ya maji, akalia. Ghaniya aliihadithia habari hiyo kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani kwake.

Sisi wengine hatukuweza kukaa mlimani. Baba alipata kazi Izki, nami nikaolewa Izki na mtu wa ofisi. Ghaniya ndiye aliyebaki juu. Aliolewa na Mahrous, mtu wa kijiji hicho, mpole, asiyejua neno la Kiswahili ila "njoo" na "chai". Baba alipofariki, maji yakawa yangu na yake. Nilimwambia fungu langu lichanganye na lako, maana nilikuwa sina mkono wa kulima wala mguu wa kupanda.

Wanawake wa kijiji walimwita Zinjibariya. Alijitahidi kuwaeleza kwamba Unguja hajawahi kukanyaga, kwamba Tabora ni bara, na bahari aliiona mara ya kwanza siku aliyoondoka. Hawakumsikiliza. Kwao, yeyote aliyetoka Afrika na kupika mandazi ni Zinjibariya. Mwisho akalizoea, na asubuhi za Idi walituma watoto kuja kuchukua mandazi yake kama vile ni haki yao.

Mahrous alifariki mwaka 1992, ghafla, akiwa anatengeneza ukuta wa shamba. Nasr, mtoto wao wa pekee, alikuwa bado yumo shuleni. Ikawa swali kijijini: maji ya nyumba ile atayasimamia nani? Wako wanaume waliosema kwamba mjane apumzike, wao watamsimamia. Ghaniya alimaliza eda, akavaa viatu vya mumewe vya shambani, na zamu ilipofika akashuka mwenyewe kwenye mfereji. Walienda kumlalamikia Tuwaini. Tuwaini aliwajibu kwamba maji hayaulizi anayeyasimamia amevaa nini, na kwamba nyumba ya Khattab imekosa mtu kwa muda mrefu wa kutosha, sasa imempata.

Basi ikawa ndiyo desturi yake. Zamu yetu iliangukia baina ya Alasiri na Magharibi. Ghaniya alisali Alasiri, akachukua mkeka mdogo na jembe, akateremka ngazi za mawe. Alikuwa akiondoa tambara polepole, kama mtu anayemfungua mtoto nguo za baridi. Kisha alikaa ukingoni, akavuta uradi wake huku anayasikiliza maji yanavyoteremka kwenye makomamanga. Wanawake wengine walianza kuja kukaa naye. Badriya, mke wa Tuwaini, alileta kahawa. Haukupita muda mrefu pale pakawa ndipo baraza lao.

Nilikuwepo siku moja Badriya alipokuwa akimchokoza. Alimuuliza huko Afrika walikuwa wakipata wapi maji.

"Juu," Ghaniya alisema. "Yanaanguka yenyewe."

"Na mgawaji wenu nani?"

"Mungu."

"Ndiyo maana mmekuja kwetu hamjui kungoja zamu."

Ghaniya alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kiarabu chake hakikuwahi kunyooka, lakini pale mferejini hakuna aliyekijali. Alikuwa nyumba ya baada ya Tuwaini, na hilo lilitosha.

Miaka ile ya tisini ndipo kijiji kilipoanza kushuka. Hakuna aliyefukuzwa. Vijana walipata kazi za jeshi, za ofisi, za kampuni za mafuta. Watoto walitaka shule kubwa, wagonjwa walitaka kuwa karibu na hospitali. Nyumba mpya zilijengwa chini, na za mlimani zikafungwa kwa kufuli. Ilipokuja barabara, kwanza ya changarawe, kisha ya lami, tulisema sasa watu watarudi. Barabara ikawarahisishia waliobaki nao kushuka. Zamu moja baada ya nyingine ikakosa mtu, na shamba la msikiti likazidi kuwa kijani.

Nasr alisoma vizuri, akawa mhandisi, akapata kazi na nyumba Nizwa. Sitaki mtu asome haya akadhani namlaumu. Ni mtoto mwema, anayemcha Mungu, na alimpenda mama yake kupita kiasi. Kila wiki alipanda kumwona, na kila wiki alimwona anavyozishuka zile ngazi kwenda shambani kwa kushika ukuta, kwa sababu magoti yake yalikuwa yameharibika. Alimsihi ahamie Nizwa. Ghaniya alikwenda, akakaa kidogo, akaomba kurudishwa. Alisema kule maji yanatoka ukutani tu na humjui jirani yako.

Ndipo Nasr alipofikiria la kufanya. Alimwekea tangi kubwa juu ya dari, akalaza bomba hadi shambani, akapatana na mwenye gari la maji awe anapanda kulijaza. Kazi yote ya mama yake ilikuwa ni kufungua bomba akiwa mlangoni. Alifurahi kwa kazi ile kama mtoto. Ghaniya alimshukuru, akambusu paji la uso, na zamu ilipofika akachukua mkeka wake akashuka mferejini vilevile.

Nasr aliona bila ya kuukata mzizi mama yake hatapumzika. Idi Kubwa ya mwaka 2003 tulikuwa sote Hail Rumman. Wanaume walikuwa wamekaa sabla, yaani baraza lao la kijiji, nyumba zote zilizopanda na zilizobaki. Baada ya kahawa Nasr alisimama, akasema mbele yao kwamba nyumba ya Khattab, kwa ajili ya kumpumzisha mama yake na kwa kutaka radhi za Mungu, inaitoa zamu yake kwa msikiti.

Hadithi hii ya sabla nilipewa na mume wangu aliyekuwemo. Anasema watu walimwombea dua. Nasr alidhani anatoa sadaka ya msimu, kama anayetoa gunia la mchele mwaka huu na mwakani akatoa tena akitaka. Amekulia shule za bweni na vyuo, hakuwahi kukaa sabla kwa mazungumzo ya maji. Hakujua kwamba kijijini pale neno hilo likisemwa mbele ya watu na likatajwa jina la Mungu ndani yake, maji yamekuwa wakfu, na wakfu haurudi. Labda ni sisi tu tungekosea hivyo, watu wa kutoka Afrika, tuliopokea maji yale mikononi na hatukufundishwa yanavyomtoka mtu.

Lakini Tuwaini alijua kwamba maji si ya Nasr. Yalikuwa ya Ghaniya, na fungu langu ndani yake nilikwishampa. Kwa hiyo alitoka sabla moja kwa moja akaja nyumbani. Tulikuwa jikoni tunatoa nyama iliyokuwa imefukiwa kwenye tanuri la ardhini, na harufu ya viungo imejaa uani. Alisimama nje ya mlango, akatusalimia, akawaulizia wagonjwa, akampa Ghaniya mkono wa Idi. Kisha akamweleza mwanawe alilolisema.

"Umm Nasr, maji ni yako," alisema. "Neno lake halijakamilika mpaka na wewe ulikamilishe. Ukisema hapana, nitarudi niwaambie kijana hakuelewa. Hakuna atakayekulaumu."

Ghaniya alikuwa ameshika kipande cha nyama kilichofungwa kwa jani la mgomba, kina moto, na hakukiweka chini. Nilimwona anatazama kule sabla. Mlango wake ulikuwa wazi, na kicheko cha Nasr kilikuwa kinasikika. Wanaume wa kijiji walikuwa ndio kwanza wamemwombea dua mwanawe, mtoto wa Zinjibariya, yatima wa Mahrous, aliyesimama mbele yao na kutoa. Angesema hapana, Tuwaini angerudi ndani na kusema kijana hakuelewa.

"Alilolisema Nasr nimelisema mimi," alijibu.

Tuwaini hakuondoka upesi. Alimuuliza mara nyingine kama ameelewa kwamba baada ya hapo hakuna kurudi. Akasema ameelewa. Alipokwenda zake, dada yangu alikiweka kile kipande cha nyama kwenye sinia, akaosha mikono, akaniambia nitoe mchele kabla haujashika chini.

Mimi ni mtu wa dini, na najua kwamba maji kwa msikiti ni thawabu inayoendelea hata baada ya kufa. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli. Mungu amlipe. Lakini nilimjua dada yangu, na najua alichokitoa siku ile hakikuwa maji tu.

Zamu iliyofuata nilikuwa bado kwake. Aliposali Alasiri akachukua mkeka. Nikamuuliza anakwenda wapi, maana zamu hana tena. Akaniambia zamu ya msikiti nayo inataka mtu wa kuisimamia. Tuwaini alikuwa amezeeka, na zamu zilizotupwa zilikuwa nyingi. Nilimtazama kutoka dirishani akiteremka kwa kushika ukuta. Alifika, akaondoa jiwe na tambara la upande wa msikiti, akakaa na uradi wake. Maji yakapita kando ya shamba letu bila ya kuingia, yakenda zao chini.

Aliniomba nisimwambie Nasr. Alisema akijua atajiona amekosa, naye hajakosa. Basi kwa miaka iliyobaki ikawa hivyo. Nasr alipanda siku zake za mapumziko, akamkuta mama yake amekaa mlangoni karibu na bomba lake, akarudi Nizwa moyo umetulia. Zamu iliangukia kila wiki siku ya kazi, naye yuko Nizwa.

Makomamanga hayakuyapenda maji ya tangi. Yalitoka kisima cha bonde, yana chumvi, na yalikuja siku nyingine machache na siku nyingine hayakuja. Majani yakaungua ncha. Mwaka ule wa kimbunga, 2007, mafuriko yalikata barabara vipande vipande na gari la maji halikuweza kupanda kwa muda mrefu. Falaji ilikuwa imejaa kuliko wakati wowote. Tuwaini alijitolea kumpa maji kutoka zamu ya nyumba yake, na Badriya akaja kumsihi, akamwambia Zinjibariya usiwe mkaidi. Alikataa. Alisema Badriya naye ana miti yake, na watu wale walikwishawasimamia Khattab na kizazi chake vya kutosha. Miti ikakauka, mmoja mmoja, kuanzia wa juu. Ulibaki mkomamanga ulio karibu na mlango tu, ambao aliupa maji ya udhu.

Alifariki nyumbani kwake, baada ya Alfajiri, akiwa bado kwenye msala. Haikuwa siku ya zamu.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake tulikuwa ndani na wanaume uani, na mlango baina yetu ulikuwa wazi. Tuwaini aliletwa na wajukuu wake, wamemshika mikono. Alikaa karibu na Nasr, akasoma Fatiha. Baada ya hapo akamuuliza, kwa upole kabisa, kama anavyoulizwa mtu jambo analolijua, "Kesho Alasiri ni zamu ya mama yako. Nani atasimama?"

Nasr alisema pengine mzee amesahau, zamu ilitolewa zamani kwa msikiti.

"Sijasahau. Tangu siku ile yeye ndiye aliyeusimamia msikiti. Hakukosa ila alipokuwa mgonjwa."

Nilimwona Nasr anageuza uso kuutafuta mlango wetu, ananitafuta mimi. Nilitikisa kichwa kwamba ni kweli. Kisha akauliza mama yake alisema nini siku ile ya Idi, na Tuwaini akamwambia, neno kwa neno. Akauliza kama hakuna njia ya kuyarudisha maji, hata kwa kununua.

"Mlipokuwa Afrika tuliweza kuwashikia," Tuwaini alisema, "kwa sababu yalikuwa yenu. Sasa yana mwenyewe mwingine."

Tabora ni mbali. Babu alikwenda kule kwa jahazi na kwa miguu, hakurudi, wala barua zake hazikufika, na maji yake yalimngoja. Nizwa unaondoka baada ya Adhuhuri na Alasiri unaisali mlimani.

Kesho yake Nasr aliomba ruhusa kazini, akashuka mferejini. Hakujua jiwe linaondolewa kwa upande gani. Badriya alimwelekeza kutoka ukingoni, na safari hii hakutania. Alikaa pale na nguo zake za mjini hadi Magharibi. Ramadhani ilipoingia alipanda tena, akafuturu msikitini, na wakamwekea sahani ya komamanga la shamba la msikiti, lililopasuliwa. Alinipigia simu baada ya tarawehe. Alisema ni tamu, Mama mdogo, ni tamu sana.

Mwaka huu kazi imemhamishia Sur, na kutoka Sur kupanda Hail Rumman si safari ya alasiri moja. Amemweka mfanyakazi, kijana wa Bangladesh, mpole, anayeangalia pia mbuzi wa Badriya. Mwezi uliopita nilikwenda kuzuru kaburi, nikamkuta amekaa ukingoni, simu sikioni, anangoja wakati. Aliponiona aliikata simu, akanisalimia kwa adabu, akaniuliza kwa Kiarabu chake kilichovunjika kama cha dada yangu, maji haya hasa ni ya nani. Nikamwambia ni ya msikiti. Akaitazama saa, akaondoa jiwe, akavuta tambara kwa mara moja, maji yakateremka.

Nilikaa kidogo mahali Ghaniya alipokuwa akitandika mkeka wake. Nilimsomea nilichoweza. Ee Mola, mpokelee maji yake, na utusamehe sisi tuliotaka kumpumzisha.